Kengele Iliyolia Kisimani

Siku ya kwanza niliyoripoti kwenye karakana ya simu za reli pale Tabora, miaka michache baada ya Uhuru, sikuruhusiwa kugusa hata bisibisi. Nilivaa shati jeupe ambalo mama alikuwa amelipiga pasi mara mbili, nikiamini naenda kukaa mezani. Fundi Mkuu wa wakati ule, Singasinga mwenye ndevu za mvi na miwani iliyofungwa kwa uzi, alilitazama shati lile kwa huruma, akanipa tambara na kopo la spiriti, kisha akanionyesha kreti lililojaa magurudumu madogo ya shaba.

"Safisha," akasema, akaenda zake.

Nilisafisha magurudumu kwa wiki tatu. Shati likawa la kazi, na mama akaacha kulipiga pasi.

Lazima nieleze magurudumu yale yalikuwa ya nini, maana vijana wa leo wakisikia simu wanafikiria kitu cha kutia mfukoni. Reli yetu ilikuwa ya njia moja. Kutoka Tabora kwenda magharibi hadi Kigoma, au kaskazini hadi Mwanza, treni mbili haziwezi kupishana popote isipokuwa stesheni, ambako kuna njia ya pembeni. Kwa hiyo alikuwapo mtu mmoja Tabora, mwongoza treni, aliyekaa mezani na kuamua nani apite na nani asubiri. Ili aamue, alihitaji kuzungumza na kila stesheni masta njiani. Na waya ulikuwa mmoja tu kwa stesheni zote, umening'inia kwenye nguzo maili na maili kupita misitu ya miombo.

Sasa, ukipiga kengele kwenye waya wa namna hiyo, italia kila mahali, kuanzia mjini mpaka porini kwa nyani. Dawa yake ilikuwa kifaa tulichokiita selekta. Kila stesheni ilikuwa na yake ndani ya kisanduku ukutani, na ndani ya selekta kulikuwa na gurudumu la shaba lenye matundu pembeni. Kwenye matundu tulichomeka pini ndogo, kila stesheni kwa mpango wake. Mwongoza treni akizungusha ufunguo wa stesheni fulani, umeme ulitoka kwa mapigo: tuseme mawili, pumziko, tisa, pumziko, sita. Magurudumu ya stesheni zote yalianza kuzunguka kwa pamoja. Kila penye pumziko, gurudumu lisilo na pini mahali pale liliteleza kurudi mwanzo. Moja tu ndilo lililofika mwisho, likagusa kengele. Kengele ikilia kule, mvumo wake ulirudi kwenye waya mpaka sikioni mwa mwongoza treni, akajua kwamba imelia. Huo mvumo ndio uliokuja kutuponza.

Kazi yangu, nilipohitimu tambara, ikawa kupanga pini. Fundi Mkuu alinifundisha kwa miezi sita na hakuwahi kunisifu.

"Pini ni jina la stesheni," alikuwa akiniambia. "Ukimpa huyu jina la yule, ataitwa yule, na huyu atakaa kimya. Hakuna mtu atakayejua mpaka iwe balaa."

Alinifundisha pia kwamba anayenyanyua simu ya reli hasemi kitu kingine chochote kabla ya kutaja stesheni aliyopo. Si jina lake wala cheo chake. Stesheni kwanza. Hilo lilinipa taabu. Nimezaliwa Tabora mjini, kwa watu wanaosalimiana mpaka chai inapoa, na mtoto asiyeanza na shikamoo kwetu alikuwa anatafuta kofi. Kumtajia mtu mzima jina la stesheni kabla ya kumwamkia niliona ni utovu wa adabu wenye risiti ya serikali.

Singasinga aliondoka mambo yalipobadilika, akaniachia koleo lake dogo la kushikia pini. Nafasi yake ikachukuliwa na Mkaguzi wa Simu, mwenzetu Mwafrika, mtu wa soksi ndefu na maneno machache. Alinituma miaka miwili upande wa Mwanza, kisha akanihamishia njia ya Kigoma, nisimamie simu zote kutoka Tabora kupita Usoke na kuendelea. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba na nilijiona mimi ndiye niliyeibuni selekta.

Kwenye njia ile kulikuwa na wazee wawili waliokuwa wakinikera. Mmoja alikuwa mwongoza treni mwenyewe, Mzee Kondo, Mzaramo aliyeoa Tabora na kusahau kurudi kwao. Mwingine alikuwa stesheni masta wa stesheni moja ndogo ambayo nitaiita Mpingoni, kwa kuwa watoto wake bado wapo na sipendi kuwaudhi. Huyo alikuwa Mnyamwezi, Mzee Mihayo, aliyebakiza mwaka mmoja tu astaafu. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipobeba pembe mpaka pwani na kukutana na wale waliowangojea huko. Mtani hakasirikiwi. Anakutukana, anakunyang'anya kofia, na siku ukifa anakuja kukuzika.

Basi Mzee Mihayo hakusubiri kuitwa. Kwa kuwa waya ni mmoja, ukinyanyua simu unasikia yote. Akiwa hana treni, alikaa na simu sikioni akivizia.

"Wewe Mzaramo, umeshaamka?" angedakia katikati ya mazungumzo ya watu.

"Mpagazi wangu huyo!" Mzee Kondo angejibu. "Mizigo yangu umeitua wapi?"

"Tumeitupa njiani. Ilinuka samaki."

Hapo wote wenye simu mkononi walicheka, stesheni saba kwa pamoja. Mimi sikucheka. Mazungumzo yale yalimaliza betri zangu, na betri nilizibadilisha mimi, nikizisukuma juani kwenye troli ya relini.

Zikaja siku za vijiji vya ujamaa. Watu walihamishiwa karibu na reli, na baina ya stesheni mbili za zamani ikaamuliwa ijengwe mpya, jirani ya Mpingoni. Nitaiita Kisimani. Jengo lilikuwa bado linapakwa chokaa na stesheni masta wake hajateuliwa, lakini mimi nilitakiwa kutangulia kufunga simu. Nilipanga safari moja ya troli: nitapita Mpingoni nifunge gurudumu nililotoka kulisafisha karakana, kisha niendelee Kisimani nifunge jipya. Magurudumu yote mawili niliyapanga pini mwenyewe na kuyafunga kwenye tambara moja. Namba zao zilikaribiana: Mpingoni ilikuwa mbili, tisa, sita, Kisimani mbili, sita, tisa.

Pale Mpingoni Mzee Mihayo alikuwa na treni ya mizigo, hivyo hatukuzungumza sana. Nilifunga gurudumu, nikafunga kisanduku, nikajiambia nitayajaribu yote mawili nikifika Kisimani, kuokoa muda. Kisimani nikafunga la pili. Nikanyanyua simu, nikamwomba Mzee Kondo apige majaribio, nikarudisha simu mahali pake.

Kengele ikalia mbele yangu, safi kabisa. Nikanyanyua.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Inalia?"

"Inalia vizuri sana."

"Hata mimi nimeisikia."

Kabla sijaongeza neno, Mzee Mihayo akadakia kutoka Mpingoni. "Mzaramo, mwache mtoto wa watu apumzike. Wewe huchoki kupiga kengele? Kwenu hakuna ngoma?"

Wakaendelea hivyo dakika kumi. Nilikunja uso, nikaandika kwenye daftari langu: Kisimani, sawa. Kwa Mpingoni nikajiambia, huyu mzee si yupo hewani anapiga domo? Nikaandika: Mpingoni, sawa.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeyabadilisha. Gurudumu la Mpingoni lilikuwa Kisimani, na la Kisimani lilikuwa Mpingoni. Mzee Kondo alikuwa amezungusha ufunguo wa Mpingoni. Alipoamkiwa na mimi alidhani bado nipo Mpingoni, na aliposikia sauti ya mtani wake akawa hana shaka tena. Mimi nilidhani amezungusha ufunguo wa Kisimani, maana kengele imelia pale nilipo. Kama ningetaja stesheni badala ya kuamkia, kosa lingeonekana palepale. Lakini nilimpa mzee heshima yake, na mzee akaipokea.

Siku nne zikapita bila tatizo. Mzee Kondo hakuwa na haja ya kuipigia Mpingoni. Mzee Mihayo alikuwa hewani siku zote. Kumbe yale maongezi niliyoyachukia ndiyo yaliyokuwa yakifunika kosa langu. Nami, kwa kiherehere, nilikuwa nimeshapeleka malalamiko kwa Mkaguzi kuhusu betri. Siku ya tano ukatoka waraka kwa stesheni zote: hakuna kunyanyua simu mpaka kengele ya stesheni yako ilie. Mzee Mihayo aliutundika ukutani, akautii.

Asubuhi iliyofuata treni ya abiria kutoka Kigoma ilisimama stesheni inayotangulia Mpingoni, ikingoja ruhusa ya Mzee Mihayo. Mzee Kondo akazungusha ufunguo. Akasikia mvumo wa kengele. Hakuna aliyejibu. Akazungusha tena na tena. Kengele ililia asubuhi nzima, ndani ya jengo tupu lenye chokaa mbichi kule Kisimani. Bila jibu treni haitoki, ndiyo sheria, na ni sheria nzuri. Abiria walikaa juani mpaka adhuhuri ikapita, watoto wakilia kiu. Hatimaye mnyapara wa njia akaenda kwa troli hadi Mpingoni, akamkuta Mzee Mihayo mezani, kofia kichwani, kichwa kimeinama juu ya kitabu cha treni.

Mnyapara aliandika alichokiona. Wengine wakakisoma walivyotaka: stesheni masta alikuwa amelala.

Siku zile neno uzembe lilikuwa zito. Taifa lilikuwa linajengwa, na mtu aliyelala kazini alihesabika amelala juu ya mgongo wa wenzake. Habari zilipofika Tabora zilikuwa zimeshaiva: Mzee Mihayo ataitwa mbele ya kamati, na akipatikana na hatia atafukuzwa, akose kila kitu alichokitumikia miaka thelathini. Mkaguzi akanituma Mpingoni kukagua kifaa kabla ya kikao.

Nilimkuta amesimama mlangoni, sare imepigwa pasi.

"Karibu, Fundi. Nashukuru wamekutuma wewe," alisema. "Kengele haikulia. Naapa. Nilikaa hapa tangu alfajiri."

Nikafungua kisanduku. Nilihitaji kutazama mara moja tu. Mbili, sita, tisa. Namba ya Kisimani.

Nitasema nilichofanya, maana ndicho kilichonifanya niandike haya yote. Mzee Mihayo alikuwa nyuma yangu, na hakujua kusoma pini. Nilitoa koleo la Singasinga, nikahamisha pini mbili. Haikuchukua hata dakika tano. Nikamwomba Mzee Kondo apige Mpingoni. Kengele ikalia pale chumbani kwa sauti kubwa, na Mzee Mihayo akashtuka.

"Kifaa ni kizima, mzee," nikasema.

Kwenye daftari la stesheni nikaandika: Kimekaguliwa. Kinalia. Hakuna neno la uongo hapo, na sijapata kuandika uongo mkubwa kuliko ule.

Nilitegemea atabisha, na pengine nilitaka abishe, nipate sababu ya kukasirika. Hakubisha. Aliitazama kengele, akavua kofia.

"Basi nililala," alisema polepole. "Sikumbuki kulala. Lakini wewe ndiye unayeijua mashine. Ukisema inalia, inalia. Labda ni masikio. Baba yangu naye masikio yalianza hivi."

Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, akasema nimpelekee mama yangu. Niliupokea. Nikapitia Kisimani nikapanga pini za kule pia, na nikarudi Tabora na mfuko ule mapajani. Mama aliyala, akayasifu. Mimi sikuweza kuyagusa.

Kikao kilifanyika wiki ile, saa nne asubuhi. Walikuwapo Mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, Mkaguzi wangu, na makarani wawili. Mimi niliitwa kama shahidi wa kifaa. Mzee Kondo alitangulia.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "huyu ni mtani wangu. Nimemtukana kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na moja. Leo natakiwa kusema jambo baya juu yake na si utani. Kengele niliisikia. Ililia mara nyingi. Siwezi kusema haikulia."

Akakaa, akafunika uso kwa kofia.

Mwenyekiti akamgeukia Mzee Mihayo. "Ndugu, unasemaje?"

Mzee Mihayo akasimama wima. "Nilikuwa nimesema sikulala. Lakini fundi alikuja, akakagua, akaniambia kifaa ni kizima. Kijana huyu namfahamu, ni mtu wa haki, hata wakati mwingine kazidi. Kwa hiyo naomba nisiwapotezee muda. Nililala. Naomba radhi kwa abiria."

Niliona karani anainama kuandika neno lile, nililala. Nilisimama kabla sijaitwa.

"Hakulala," nikasema.

"Ngoja zamu yako, ndugu."

"Hakulala! Kengele ililia Kisimani. Mimi ndiye niliyebadilisha magurudumu. Nilipokwenda kukagua nilikuta kosa langu, nikalirekebisha kimya kimya, nikamwambia kizima."

Mzee Kondo alikuwa wa kwanza kuelewa. Nilimwona akihesabu vidole, akirudia siku ile ya majaribio.

Mkaguzi akauliza taratibu, "Kengele ilipolia mbele yako siku ya majaribio, ulitaja stesheni gani?"

"Sikutaja, Bwana Mkaguzi. Niliamkia."

"Na wewe, Mzee Kondo?"

"Nilisema marahaba," alijibu Mzee Kondo. "Mungu anisamehe, nilisema marahaba."

Mzee Mihayo alifutiwa shtaka palepale. Mimi nilivuliwa daraja, nikapelekwa kikosi cha nguzo upande wa Urambo, kuchimba mashimo na kupanda nguzo, mwaka mmoja na nusu. Kabla sijaondoka Mkaguzi aliniita ofisini.

"Kosa la pini ningekusamehe siku ileile," aliniambia. "Kila fundi ana la kwake. La daftari utalibeba mwenyewe."

Sikulalamika wakati ule, na leo silalamiki. Baadaye nilirudishwa karakana, nikapanda vyeo, nikafundisha vijana wengi. Somo langu la kwanza lilikuwa stesheni kwanza, shikamoo baadaye, na waliokuja na mashati meupe niliwapa tambara. Selekta zikaondolewa, simu nyingine zikaja, nami nikastaafu nikiwa na macho mabovu na mgongo wa kikosi cha nguzo. Mjukuu wangu wa kike, anayefanya kazi ya kompyuta, alinieleza juzi juzi kwamba kazi yake ni kuweka mipangilio ili kompyuta moja iiagize nyingine iliyo mbali ifanye jambo, kisha ingoje jibu. Wakikosea mipangilio, agizo linakwenda kwingine na aliyeagiza anangoja bure. Nikamwuliza, mnajuaje aliyejibu ni nani? Akacheka, akasema, "Babu, hapo ndipo penye kazi yenyewe." Nilifurahi sana kusikia hivyo. Nilidhani tulikufa na kazi yetu.

Lakini nisimalize kwa kujifurahisha. Mzee Mihayo alitumikia mwaka wake uliobaki, akastaafu kwa heshima, Mzee Kondo akamfanyia karamu na kumtukana mbele ya wageni wote. Nilidhani nimemrudishia kila kitu. Kumbe mshika bendera wa Mpingoni alikuja kuniambia kwamba mwaka ule mzima, kila kengele ilipolia, mzee alimwita kwanza na kumwuliza kama na yeye ameisikia, ndipo akanyanyua simu.

Nilimtembelea mara moja baada ya hapo, alipohamia kwa binti yake mtaa wa Cheyo. Alinipokea vizuri, hakuwa na kinyongo, aliniita Fundi kama zamani. Tulikuwa wawili tu sebuleni, tukinywa chai. Mlango wa uani ukabishwa, mtu akapiga hodi kwa sauti ya kawaida, ambayo mtu yeyote angeisikia.

Mzee Mihayo hakuitikia. Alishusha kikombe, akanigeukia na kuniangalia usoni.

"Fundi," aliniuliza, "kuna mtu amepiga hodi?"

"Amepiga, mzee," nikasema. "Umesikia sawasawa."

Ndipo akaitika, "Karibu."